Saba Iliyopigwa Mara Mbili

Kazi yangu ni kuangalia vitu vilivyokatika. Mtu akiniuliza ninafanya nini nikamjibu hivyo, huwa anasubiri niendelee, na mimi huwa sina cha kuendelea nacho. Wahandisi wenzangu wanajenga. Mimi naletewa shafti iliyovunjika, bomba la mvuke lililopasuka, bolti ya mtambo wa umeme iliyokatika kichwa, halafu natakiwa kusema kwa nini. Nina chumba changu pale chuoni chenye darubini mbili na rafu zilizojaa vyuma vibovu, na nakiri kwamba navipenda vile vyuma kuliko watu wengi ninaowajua.

Nina sababu. Chuma kinachozunguka hakikatiki siku moja. Kinaanza na ufa mdogo usioonekana kwa macho. Kama ni chuma cha mtambo wa upepo, upepo ukija na nguvu ufa unasogea kidogo, upepo ukitulia nao unapumzika, na kila unapopumzika unaacha mstari. Siku kinapoachia, uso wa pale kilipokatika unakuwa na mistari hiyo yote, imejipanga kuanzia pale ufa ulipozaliwa. Nimeisoma mistari hiyo miaka mingi na bado nikiiona mwili unanisisimka. Jamani, kipande cha chuma kimekaa juu ya mlingoti miaka na miaka, hakuna aliyekiangalia, na kimeandika kila kitu!

Ndiyo maana siku ile, katika kijiji kimoja kule mbele ya Ilongero, nilimpigia kelele mama wa watu mwenye umri wa kunizaa, tena nyumbani kwake.

Kijiji kilikuwa na mtambo mdogo wa upepo, mapanga matatu juu ya mlingoti, wa kuchaji betri za pampu ya maji. Shafti yake ilikatika mchana mmoja wa upepo mkali na mapanga yote yakashuka kwenye zizi la mwenyekiti wa kijiji. Hakuna mtu aliyeumia, ila ng'ombe mmoja alivunjika mguu. Pampu ikanyamaza, wanawake wakarudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo. Na lawama yote ikamwangukia fundi wa kuchomelea wa pale kijijini, kwa sababu mwaka uliotangulia yeye ndiye aliyepandishwa juu kuchomelea kitako cha panga moja kilichokuwa kimelegea. Shafti ilikatika kiasi cha kiganja tu kutoka pale alipochomelea. Nani angehitaji ushahidi mwingine?

Fundi huyo alikuwa mtu mzima, anakaribia miaka sitini. Madawati ya shule alitengeneza yeye, na majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na milango ya nusu ya kijiji. Tangu mtambo uanguke hakuna aliyempelekea hata jembe la mkono. Kibanda chake kilikuwa kwenye kiwanja cha kijiji pale sokoni, na mkutano ulikuwa umeitishwa siku hiyo hiyo, saa nane mchana, kuamua kama anyang'anywe. Kilichosubiriwa ni neno la mtaalamu tu. Mtaalamu mwenyewe ndiye mimi.

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshaamua. Ndani ya basi nikija Singida nilifungua daftari nikaandika: chanzo kinachotarajiwa, joto la kuchomelea. Nimeona kesi hiyo mara nyingi. Nilidhani nitafika, nitaangalia, nitaweka tiki, nitarudi zangu mjini na bodaboda ile ile iliyonileta.

Nilifika asubuhi nyumbani kwa mwenyekiti. Yeye alikuwa ofisini, nikapokelewa na mke wake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, tukaulizana habari za huku na za kule kama inavyotakiwa. Alipojua natokea upande wa Kiomboi, kwenye upepo kama wa kwao, akacheka kwa utani, "Kumbe Mnyiramba! Basi upepo umefuatwa na wataalamu wake." Nikaomba nikione kipande cha shafti ambacho kamati ya maji ya kijiji ilikihifadhi kwake. Akaingia ndani, akatoka na sinia lililofunikwa kitambaa cha kudarizi. Akafunua.

Kilikuwa kinang'aa. Uso wa pale kilipokatika, ule niliosafiri siku nzima kuufuata, ulikuwa laini na unameremeta kuliko sufuria za harusi.

"Nimekisugua kwa majivu na mchanga," alisema kwa furaha, "halafu nikakipaka mafuta ya alizeti. Kilikuwa na kinyesi cha ng'ombe. Mgeni ametoka mbali, nimpe kitu kichafu mkononi?"

"Mama!" nilisema, na sauti ilikuwa imeshapanda. "Mama, umefanya nini? Umefuta kila kitu! Kilichonileta hapa ni huo uchafu! Sasa nitasoma nini, nitasoma majivu?"

Alirudisha kile kitambaa juu ya sinia taratibu, akanyoosha pembe zake nne, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Sikujua." Kisha akaenda jikoni. Nilibaki pale kwenye kiti nikiona aibu mpaka masikio yanawaka. Mama yangu angenisikia angenichapa, na umri huu nilionao.

Aliporudi alileta ugali wa mtama, mlenda na kuku. Nilinawa, nikaomba radhi, akasema yameisha, tule. Tukala. Halafu katikati ya chakula, bila mimi kumuuliza, akasema, "Lakini mimi nilikuwa nausikia."

"Unasikia nini, mama?"

"Huo mtambo. Si ulikuwa hapo juu ya zizi? Miaka yote ulikuwa unavuma tu, vuuu, tumeuzoea. Tulipomaliza kuvuna alizeti ukaanza kugonga. Tok. Upepo ukiwa mdogo, kimya. Upepo ukiwa mkubwa, tok. Ikaendelea hivyo mpaka tunaandaa mashamba, ndipo ikawa tok-tok, tok-tok, hata upepo ukiwa wa kawaida. Nikamwambia mwenye nyumba. Akaniambia ni mlango wa choo."

Tonge lilibaki mkononi. Vyombo vya kusikiliza sauti za ufa ndani ya chuma tunavyo chuoni, na vinafungiwa kabatini kwa sababu ni vya thamani. Mama huyu alikuwa amesikiliza ufa huo kwa masikio yake, akipepeta mtama, na akajua ulipobadilika. Nilimwomba anirudie tena yote, polepole, nikaandika kwenye daftari, chini ya ile sentensi yangu ya kwenye basi.

Kila kitu kilichokatika kina nyuso mbili. Nikauliza kipande cha pili kilipo, kile kilichobaki kwenye kitovu, pale mapanga matatu yanapokutana.

"Kiko kwa fundi," alisema. "Ndiye aliyeitwa kukikata kutoka kwenye mapanga."

Nilikata tamaa. Mshtakiwa ndiye mwenye ushahidi! Nilijua atakuwa amekipiga msasa siku ile ile, kwa sababu mimi ningekuwa yeye, kwa hasira zangu hizi, ningekitupa korongoni.

Nilimkuta kibandani kwake, mashine imefunikwa turubai, amekaa kwenye kigoda hafanyi chochote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa chuo?"

"Ndiye mimi."

"Haya. Kaa hapo."

Hakuniuliza kitu kingine. Aliingia nyuma, akarudi amebeba ndoo yenye mfuniko, akaiweka kati yetu. Ndani mlikuwa na uwele mkavu umejaa mpaka juu. Akazamisha mikono yake yote miwili hadi kwenye viwiko, akapapasa, akatoa kitu kimefungwa kwenye kipande cha shuka, akakifungua magotini pake. Punje zilimwagika chini na kuku wakaja mbio.

Pale kilipokatika palikuwa pakavu kabisa. Hakuna hata doa la kutu.

"Baba, nani alikwambia ukiweke humo?"

"Hakuna. Vijiti vyangu vya kuchomelea navihifadhi humu. Kijiti kikishika unyevu kinatema tu, hakichomelei. Mvua ziliniharibia mzigo mzima zamani, nikajaribu uwele, nikaona unakausha. Nikasema kama unakausha vijiti, utatunza na hiki."

Kule kwangu tunatumia chupa ya kioo yenye vijidonge vinavyonyonya unyevu, vinaagizwa kutoka nje, na tukiishiwa kazi inasimama. Nilitamani kucheka na kulia kwa pamoja.

"Pale kilipokatika sijapagusa hata kwa kidole," aliendelea. "Nilijua atakuja mtu anayejua kusoma. Kama nilikosea pataonyesha. Watu wanasema mimi ndiye, na mimi nalala naamka sijui kama ni mimi. Nataka nijue."

Nilitoka nacho juani, nikapiga magoti, nikatoa lenzi yangu ya mkono. Na pale pale nikasahau kijiji, mkutano, na kila kitu. Uso ulikuwa mzima. Mistari ilikuwa imepangana mmoja nyuma ya mwingine, kama ile inayobaki pembeni mwa bwawa maji yanapopungua kidogo kidogo. Mwanzoni imebanana, myembamba, ya upepo wa misimu mingi. Halafu mahali fulani inaanza kuachana, na karibu na mwisho imekuwa mipana, ya ufa uliokuwa unakwenda mbio. Nilipaona pale tok ya mama ilipoanzia. Nilipaona ilipokuwa tok-tok. Alichosikia mwanamke zizini na kilichoandikwa na chuma juu ya mlingoti vilikuwa kitu kimoja, na hakuna kati yao aliyejua habari za mwenzake.

Kisha nikafuata mistari kurudi nyuma, kutafuta ilikozaliwa. Nilitegemea inipeleke upande wa kuchomelea. Haikunipeleka huko. Mahali alipochomelea palikuwa pazima, pametulia, kazi safi ambayo ningewaonyesha wanafunzi. Mistari ilikwenda upande mwingine kabisa, ikaishia kwenye ukingo wa shafti, pale inapopungua unene. Nikafuta grisi ya nje kwa kidole gumba.

Palikuwa na namba imegongwa kwenye chuma. Tarakimu nne, na ya mwisho ilikuwa saba yenye miguu miwili, moja imekaa juu ya nyingine kidogo upande, kwa sababu aliyeigonga aliona ya kwanza haikuingia vizuri akaigonga tena.

Niliigonga mimi.

Nilikuwa mwanafunzi, ndiyo kwanza nimeanza utafiti, na mitambo hiyo ya chuo chetu ilikuwa haijapandishwa. Niliambiwa niitie namba ili tuifuatilie, kazi ya dakika chache ambayo tangu hapo sikuikumbuka tena. Nilikuwa na seti ya mihuri ya chuma na nyundo, na nilijiona mhandisi kweli kweli. Ningeweza kuigonga kwenye kifuniko, au kwenye mlingoti, popote. Nikaigonga kwenye shafti, tena pale inapopungua unene, kwa kuwa palikuwa na nafasi nzuri ya kuandika. Leo nawafundisha vijana wa mwaka wa pili kwamba mahali pale usipaguse hata kwa kucha. Ufa ulianzia kwenye mguu wa ile saba, kwenye pigo la pili.

Fundi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ni mimi?"

"Si wewe, baba."

Alivuta pumzi ndefu, akashika nguzo ya kibanda. "Ni nani?"

"Nitasema mkutanoni," nilimjibu, na nikaondoka kabla hajaniangalia usoni.

Nitasema ukweli wa nilichofikiri njiani. Nilifikiri juu ya kile kipande kilichosuguliwa. Ningeweza kusimama nikasema, ndugu wananchi, ushahidi umefutwa kwa bahati mbaya, haiwezekani kujua. Hakuna hata mmoja pale aliyekuwa na uwezo wa kunibishia. Fundi asingetiwa hatiani, ila asingesafishwa pia. Angedhani lile neno langu la kibandani lilikuwa la kumfariji tu, akabaki na lile lake la kulala na kuamka hajui. Mimi ningerudi chuoni na jina langu. Nililifikiria wazo hilo kutoka sokoni hadi ofisi ya kijiji, na si mbali, lakini nililifikiria lote.

Mkutano ulikuwa mbele ya ofisi, watu wamekaa kwenye nyasi na madawati. Mwenyekiti alinikaribisha kwa heshima nyingi zilizonizidishia maumivu. Nikasimama na kile kipande cha kwa fundi mkononi.

"Kuchomelea kwa fundi hakuna kosa," nilisema. "Kosa ni langu mimi."

Nikaeleza namba, nyundo, saba. Nikasema naomba radhi kwa kijiji, kwa maji, kwa ng'ombe, na kwa fundi zaidi ya wote. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu Mnyiramba amepanda basi siku nzima kuja kujishtaki?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka. Lenzi ikaanza kupita mkono kwa mkono. Kila aliyeangalia alisema "Loo!" au "Aisee!" Mke wa mwenyekiti aliangalia muda mrefu kuliko wote. Nikamwonyesha mistari inapoanza kuachana. "Hee!" alisema. "Kumbe ndiyo ile tok yangu?" Akamgeukia mume wake mbele ya mkutano mzima. "Mlango wa choo, eti!"

Mwenyekiti akamwomba radhi fundi kwa niaba ya kijiji. Akina mama wakapiga vigelegele. Na mimi nilijisikia vizuri, nitakuwa muwazi. Nilijiona jasiri, mtu wa kweli, na nikaanza hata kufikiria nitakavyowasimulia wenzangu chuoni.

Lenzi ilimfikia fundi mwisho kabisa. Hakuwa na furaha niliyoitegemea. Aliinama juu ya kile chuma, akakigeuza juani, akaigusa ile saba kwa ncha ya ukucha. Watu walikuwa wakimpiga mgongo kumpongeza, hakuwajali. Akainua kichwa.

"Mwanangu, uligonga shafti ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

Ya pili ilikuwa kwenye mtambo wa zahanati ya kata ya jirani, inachaji taa na jokofu la chanjo. Kwenye kivuli cha mlingoti wake ndipo kina mama wanapokaa na watoto wakisubiri zamu. Mimi mtafiti, mwenye darubini mbili, nilikuwa nimeshughulika na aibu yangu na ushujaa wangu mpaka nikaisahau. Aliyeikumbuka ni mtu ambaye nusu saa nyuma walikuwa wanataka kumnyang'anya kibanda.

Mwenyekiti akampigia simu muuguzi aondoe watu. Sisi tulipanda bodaboda mbili, fundi mbele na mfuko wake wa vifaa, mimi nyuma, na upepo ulikuwa unatupiga ubavuni njia nzima. Sikuwahi kuuogopa upepo wa Singida, nimezaliwa nao. Siku ile niliuogopa. Kwa mbali tuliyaona mapanga yanazunguka, meupe, mazuri, na nikaomba Mungu kwa sauti ndani ya helmeti.

Tulipofika, wanawake walikuwa wameshasogezwa hadi kwenye uzio na watoto wao mgongoni. Fundi aliukunja mkia wa mtambo kwa kamba ili mapanga yaache kupokea upepo, tukasubiri hadi yakasimama, ndipo tukaulaza mlingoti taratibu kwa winchi ya mkono. Nilifungua kifuniko. Namba yangu ilikuwepo, safi, imegongwa vizuri, tarakimu ya mwisho ni nane. Kwa macho hapakuwa na kitu. Nikatoa lenzi, bado sikuona kitu, nikaanza kupata matumaini.

"Ngoja," fundi alisema. Akaipaka shafti mafuta ya taa, akaacha muda upite, akaifuta mpaka ikakauka. Akaomba chaki kwa muuguzi, akaiponda kiganjani, akaipuliza juu ya chuma hadi pakawa peupe pote. Tukakaa kuangalia. Kwanza hakuna. Halafu, polepole, chini ya ile nane, ukajitokeza mstari wa mafuta yaliyokuwa yameingia ndani ya chuma, mwembamba kuliko uzi, ukazidi kurefuka juu ya weupe ule, ukazunguka upande wa pili, ukafika nusu ya shafti.

Mama mmoja aliyekuwa amesogea kuchungulia alirudi nyuma hatua mbili, akamtoa mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo. Kwenye daftari kitu hicho ningekiita ufa. Pale kando ya ule uzio nilishindwa kukiita chochote.

Fundi alitafuta spana kwenye mfuko wake, akaijaribu kwenye nati, ikakaa. Nilidhani ataanza kazi. Akanigeuzia mpini.

"Fungua wewe," alisema. Akapiga goti upande wa pili, akayakumbatia mapanga kwa mikono yote miwili. "Mimi nitayashika, yasikuumize."